Konzi Linalorudi Stoo

Mtaa mzima ulimwita Mama Komeo, na aliyembandika jina hilo hakukosea. Milango yote ya nyumba yake ilirudishiwa tu, hata ule wa mbele, kiasi kwamba kuku wa jirani waliingia sebuleni na kutoka wakijisikia. Mlango mmoja peke yake ndio uliokuwa na komeo la chuma, na juu ya komeo kufuli, na ufunguo wa kufuli hilo ulining'inia shingoni mwake kwa uzi mweusi. Alioga nao, akalala nao. Mlango huo ulikuwa wa stoo.

Stoo yenyewe haikuwa kitu cha kuringia. Kilikuwa chumba chembamba nyuma ya jiko, hakina dirisha, kina tundu moja la hewa lililozibwa kwa wavu ili panya wasifanye makazi. Magunia ya unga na maharage yalikaa juu ya mbao yasinyonye unyevu wa sakafu. Rafu ya juu ilibeba chumvi, sukari na mafuta. Sabuni ilikuwa na kona yake, mbali, kwa sababu mchele hushika harufu ya kila unachowekwa nacho. Nyuma ya mlango lilikaa kopo la bati lenye mfuniko wa kubana, lililowahi kuwa la maziwa ya unga, picha yake imefutika kwa kushikwashikwa. Hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuligusa kopo hilo.

Mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee, alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa barazani, na mtaa ukamwita Fundi kama ulivyomwita mumewe, ambaye alichomelea mageti na madirisha kwenye karakana ya barabara kuu. Nyumba ya mafundi wawili, basi, na Mama Komeo katikati yao. Fundi alipoolewa alidhani ameingia nyumba ya kupika. Kumbe kupika angepika, lakini kupima kulikuwa na mwenyewe.

Kila mlo ulianza kwa maneno yaleyale. Fundi alisimama mbele ya mama mkwe, beseni mkononi, akasema, "Mama, naomba unga." Mama Komeo alijiinua kitini kwa miguu iliyochoshwa na kazi ya kusimama, akavua ufunguo, akafungua. Alichota kwa kikombe cha bati, akasawazisha kwa kidole, akamimina kwenye beseni. Hapo mtu mwingine angeondoka. Yeye aliingiza mkono kwenye beseni lilelile, akafumbata unga konzi moja, akarudi nao ndani. Fundi alisikia mfuniko wa kopo ukifunguka, kisha ukibanwa. Halafu komeo.

Hilo konzi ndilo lililomkata maini. Kupimiwa kama askari wa kambini angevumilia, wazee wana taratibu zao. Lakini kupewa, kisha kunyang'anywa mbele ya macho yako, kila siku ya Mungu, na kwa uso usiotikisika? Alipokaa barazani na wateja wake alitania, "Mama mkwe wangu ana mkono wa birika mpaka anajiibia mwenyewe." Walicheka, naye alicheka nao, huku sindano ikishona kwa hasira.

Tumtendee haki mama wa watu. Aliachwa mjane mwanawe akiwa bado wa kubebwa. Alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali miaka na miaka, akichemsha mashuka yenye damu, mpaka mikono yake ikawa na harufu ya dawa ambayo hata kustaafu hakukuiondoa. Hakuna mlango aliobisha kuomba chumvi. Mwanawe hakulala njaa hata siku moja, na hilo mwanawe alilisema kwa majivuno. Tena kuna siku Fundi alimwona akilimwaga kopo zima kwenye mfuko wa mama mmoja wa mtaa wa pili, aliyekuja na watoto wawili wanaomshika sketi. Mama Komeo alimpa mfuko, akamfungia mlango kabla hajamaliza kushukuru. Fundi hakuona wema wowote pale. Alichowaza ni kwamba kwa wengine mkono ni mwepesi, kwake yeye ni mzito.

Kisha asubuhi moja, akianika nguo, Mama Komeo aliinua mkono kuifikia kamba, na mkono haukwenda. Alianguka chini, shuka mbichi juu yake. Kiharusi. Hospitali ilimrudisha akiwa hai, ila upande mzima wa kulia umelala, na ulimi umelala pamoja nao. Alikuwa anaelewa kila kitu. Ungemtazama machoni ungejua. Maneno ndiyo yaliyokataa kutoka.

Huko wodini muuguzi alimvua nguo na ule uzi, akamkabidhi Fundi vyote katika mfuko wa nailoni. Na ukweli usemwe: Fundi aliufurahia ufunguo ule kabla hajamaliza kulia.

Alimuuguza vizuri, hilo halina ubishi. Alimwogesha, akamgeuza asipate vidonda, akamlisha kijiko kwa kijiko, akimfuta mdomo bila kinyaa. Lakini stoo aliifungua alipotaka. Kikombe cha bati alikitupa. Unga wa kwenye kopo la nyuma ya mlango aliupika wiki ileile ya kwanza, wote, wakala wakashiba, na kopo tupu akalirudisha mahali pake. Alipochota unga aliingiza bakuli kwenye gunia, akatoka nalo limejaa, na hakuna konzi lililorudi.

Sasa, Mama Komeo alianza tabia moja. Kila harufu ya moshi wa jiko ilipoingia chumbani, alinyanyua mkono wa kushoto, ule mzima, akajishika shingoni pale uzi ulipokuwa ukikaa. Anashika, anamtazama Fundi. Anashika tena.

"Anataka nini?" mume aliuliza mara ya kwanza.

Fundi alijua. Hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyejua kama yeye. "Kiu," akasema. "Koo limemkauka."

Akaletewa maji. Mgonjwa alimtazama kwa muda, kisha akanywa. Ikawa ndiyo desturi. Anashika shingo, analetewa maji, anakunywa. Mume akamsifu mkewe kwa kujua lugha ya mama yake kuliko yeye mwanawe wa kumzaa.

Hospitali iliwapa mtaalamu wa kufundisha kuongea, dada mmoja mpole mwenye subira ya ajabu, ambaye nyumbani walimwita Mwalimu wa Maneno. Aliwapa kadi za picha: kiti, dirisha, ndoo, kijiko, mlango, stoo. "Kila siku neno moja," alimwelekeza Fundi. "Akilipata, mwambie atunge sentensi. Hata ya maneno mawili. Tunaanza na ya nyumbani, kwa sababu ndiyo aliyoyatumia sana."

Walipofika nyumbani Fundi alizichambua kadi zile barazani. Ya stoo ilikuwa na picha ya rafu, magunia na mtungi. Aliishika kwa muda. Alijiona amesimama tena na beseni, mvi kichwani, akisema, Mama, naomba unga. Akaivuta droo ya cherehani, akaisukumiza kadi chini ya bobini za uzi na vipande vya lastiki, akaifunga. Haikumchukua hata muda wa kutunga uzi kwenye sindano.

Maneno mengine yakaanza kurudi, moja moja, kama watu wanaotoka msibani. "Kiti." Baada ya siku nyingi, "Kiti kigumu." Wakamwekea mto. "Dirisha. Dirisha funga." Siku ya ndoo aliikodolea macho ile iliyokuwa karibu na kitanda, akasema wazi kabisa, "Ndoo chafu."

Mume alicheka mpaka akashika ukuta. "Maneno mawili tu, na tayari ameshakukosoa."

Fundi aliisugua ndoo, naye akitabasamu. Kwa kweli alifurahi. Angefurahi zaidi kama mkono ule usingeendelea kupanda shingoni kila jioni.

Siku ya kurudi kliniki mume aliacha kazi akawasindikiza. Mwalimu wa Maneno alipitia kadi zote, akasifia, kisha akauliza, "Na stoo? Mmefika wapi na stoo?"

"Ile kadi ilipotea," Fundi alijibu, macho makavu.

"Haina neno." Mwalimu akachukua kalamu, akachora nyuma ya karatasi: rafu, gunia, mlango. Akamwonyesha mgonjwa.

Mama Komeo aliitazama picha. Mdomo wake ulianza kutetemeka upande mmoja. Alijaribu, akakosa, akameza mate, akajaribu tena. "Stoo," akasema.

Mume alisimama. Mwalimu akainama karibu. "Vizuri, mama. Sasa tunga sentensi. Stoo ina nini?"

"Stoo..." Macho yake hayakuwa kwenye karatasi tena. "Stoo tupu."

"Vizuri sana."

"Stoo tupu," akarudia Mama Komeo, na chozi likamtoka. "Tupu."

Ni Mwalimu peke yake aliyefurahi. Mume alimgeukia mkewe, na Fundi akahisi uso wake ukiwaka moto.

Walipofika nyumbani, mume hakukaa. Alikwenda moja kwa moja stoo, akausukuma mlango, ambao siku hizo haukutiwa kufuli, mpaka ukagonga ukuta. Ilikuwa siku za mwisho wa mwezi. Gunia la unga limekunjwa mdomo hadi katikati, la maharage limelala ubavu. Si tupu, lakini si stoo ya mama yake. Akaliokota kopo la nyuma ya mlango, akalifungua, akachungulia ndani, akaligeuza chini juu.

"Hili kopo sijawahi kuliona tupu tangu nipate akili," alisema taratibu.

"Unga ule ulikuwa wa zamani. Niliupika usiharibike."

"Mama anajaribu kuongea miezi yote hii. Leo amepata neno, na neno lenyewe ni hilo. Unadhani analisema bure?"

"Kwa hiyo mimi namaliza chakula chenu? Ninakula na nani?"

"Sijasema hivyo. Naomba ufunguo."

Aliutoa. Ungedhani anatoa jino. Mume akaingia chumbani, akamvisha mama yake uzi ule shingoni, akamwekea sawa kifuani, kama anayerudisha heshima iliyoporwa. "Huo hapo, mama. Wa kwako."

Mama Komeo aliutazama ufunguo. Kisha kwa mkono wake wa kushoto akauvuta uzi juu, ukamnasa sikioni, akahangaika nao mpaka ukatoka, akautupa kitandani. Akatikisa kichwa. Alilia kwa kukwama, kama mtu anayesukuma mlango usiofunguka.

"Sasa anataka nini?" mume akauliza, na kwa mazoea akamtazama mkewe.

Neno kiu lilifika mdomoni kwa Fundi. Alilimeza. "Sijui," akasema, na hiyo ilikuwa kweli yake ya kwanza kwa muda mrefu.

Asubuhi mume aliondoka bila kuaga. Fundi alikaa kwenye cherehani asishone chochote. Hatimaye akaifungua droo, akaitoa kadi kutoka chini ya bobini, akapiga moyo konde, akaingia chumbani na kukaa pembeni ya kitanda.

"Mama," alianza. "Hii kadi haikupotea. Niliificha. Na yale maji... Nilijua hutaki maji, mama. Nilijua unaulizia ufunguo. Niliogopa ukipata neno hili nitarudi kusimama na beseni. Nisamehe."

Mama Komeo alimkazia macho. Kisha upande mmoja wa mdomo wake ukapanda.

"Maji," akasema. Akapumua. "Maji mengi."

Fundi alishikwa na kicheko asichokitarajia, na mama mkwe naye akacheka kwa nusu ya uso, kitanda kikatikisika. Halafu kicheko cha Fundi kikageuka kilio, akakiacha kitoke. Mkono wa kushoto ukamgusa begani, ukakaa hapo.

Alipotulia akainua kadi. "Haya. Stoo."

"Stoo tupu."

"Mama, si tupu. Twende uone kwa macho yako."

Alimnyanyua, akamzungushia mkono kiunoni, wakaenda wakiburuta mguu mmoja hadi nyuma ya jiko. Alimkalisha juu ya ndoo iliyogeuzwa, ileile iliyoitwa chafu. Akamwonyesha gunia, maharage, rafu. Mama Komeo hakushughulika navyo. Alitikisa kichwa, akapunga mkono kupita bega lake, nyuma, mbali nyuma.

"Zamani?" Fundi akauliza.

"Zamani." Neno lilimjia kama lililokuwa likisubiri mlangoni. "Jua. Jua. Mvua hakuna. Stoo tupu."

"Mwaka wa njaa?"

Akaitikia kwa kichwa. "Mtoto."

"Mume wangu alikuwa mdogo?"

"Hapana." Akafunga macho kulitafuta. "Kwanza. Wa kwanza. Msichana."

Fundi alikaa chini sakafuni. Katika nyumba ile, tangu aingie, hakuwahi kusikia habari ya msichana. Mumewe alijiita mtoto wa kwanza na wa mwisho, akilifanyia utani.

Mama Komeo alishusha mkono, akaunyoosha hewani kuonyesha kimo. Uliyapita magoti yake kidogo tu. "Uji," akasema. "Anaomba uji. Stoo tupu. Anaomba. Stoo tupu." Kisha akakunja kiganja, akalaza shavu lake juu yake, kama mtoto aliyelala. Fundi alisubiri shavu lile liinuke. Halikuinuka.

Tunaweza kukaa na mtu miaka na miaka, tukala chungu kimoja, tusimjue. Fundi aliuona mkono ule ukiingia kwenye beseni, mlo baada ya mlo, na kila mara aliuhesabu kuwa umemwibia yeye. Kumbe ulikuwa ukimwekea mtu sehemu yake. Na kopo likijaa, mama yeyote aliyefika na mtoto wa kimo kile alipewa lote, na mlango ukafungwa upesi kwa sababu Mama Komeo hakuwa na nguvu ya kushukuriwa. Halafu yeye, Fundi, akalipika katika wiki moja, kwa furaha.

Mama Komeo alikuwa akilielekezea kidole kopo nyuma ya mlango. Fundi alilichukua. Ilimbidi alifungue mbele yake, na utupu wake ukaonekana. Hakujitetea. Aliingiza mkono kwenye gunia, akafumbata unga, akautia koponi, akaubana mfuniko. Mama Komeo aliposikia ule mlio alifumba macho, na mabega yake yakashuka.

Mume aliporudi jioni, na vumbi la chuma bado kwenye nyusi, Fundi alimweleza yote, na la maji pia. Mume aliketi kizingitini mwa stoo, asipate pa kuweka mikono yake. Baadaye aliingia kwa mama yake. "Mama," alisema, "nilikuwa na dada?"

"Dada," akajibu.

"Alikuwa mkubwa kiasi gani?"

Akamwonyesha. Mtu mzima yule, fundi wa mageti, akaweka kiganja chake chini ya kiganja cha mama yake, kwenye kimo kilekile, akakiacha hapo. Kwa mkewe alisema tu, "Jana nilikukosea," naye akajibu kwamba makosa yalikuwa yamejaa nyumba nzima.

Ufunguo ulikuwa bado kitandani. Mama Komeo aliuokota kwa mkono wake mzima, akaunyanyua kuelekea kwa mkwewe. Uzi ulinasa kwenye kilemba cha Fundi, ukazunguka, hata ikabidi ainame sana ndipo upite. Uliposhuka kifuani mwake ulikuwa bado na joto la mkono.

Tangu hapo Fundi akawa anapima mwenyewe. Alinunua kikombe kingine cha bati. Kila mlo alimimina, akafumbata konzi, akalirudisha, na alijifunza kuubana mfuniko kwa nguvu kidogo, usikike mpaka chumbani. Kliniki, Mwalimu wa Maneno aliendelea kudai sentensi ndefu. "Stoo tena, mama. Safari hii maneno mengi." Mama Komeo alikuwa akitoa mawili, matatu, akachoka.

Kisha ikafika siku ambayo mume alirudi mchana na wenzake wa karakana, bila taarifa, wote wana njaa. Fundi alikimbia huku na huku. Alichota unga, akafunga stoo, akabandika maji, akakata vitunguu, akamjibu mteja aliyekuja kuulizia gauni lake. Maji yalipoanza kutokota alishika beseni ili amimine.

Kutoka chumbani ikatoka sauti. Ilikuwa nzito, ilikwaruza, ilisimama mara mbili kuvuta pumzi, lakini ilifika mpaka mwisho.

"Fundi. Rudi stoo. Konzi la wifi yako umelisahau."

Barazani wanaume waligeuza vichwa. Mume aliinamisha kichwa. Fundi alisimama na beseni mikononi, kama alivyosimama miaka yote ile.

"Ni kweli, mama," akaitikia. "Nalirudisha."

Akaipua sufuria, akavua ufunguo shingoni, akarudi stoo.